Wanaanga wa Saa Nne Asubuhi

Niliamini, tena kwa moyo mweupe, kwamba ukimkatiza mwanaanga anapozungumza na mwenzake huko juu, atapotea njia na kuanguka. Na hataanguka popote tu. Ataanguka Minjila, kwa sababu wakati huo Minjila ndiko kulikobaki na nchi kavu, na mtu anayeanguka kutoka mbinguni, hata awe amechanganyikiwa vipi, hawezi kukosa akili ya kuchagua pakavu. Hivyo ndivyo tulivyoelezana pale Garsen, watu wazima wenye ndevu, wengine na wajukuu, na sikumsikia hata mmoja akicheka.

Ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na saba, mvua ya El Nino. Ambao hawakuwepo watasema natia chumvi. Natia, ndiyo, lakini siku zile hata chumvi ilikuwa imeyeyuka madukani. Mto Tana ulisahau kingo zake ukaja mjini kutembea. Nilimwona kambare akipita mlangoni kwa kinyozi, na naapa alisita kidogo kama mtu anayeuliza zamu yake itafika lini. Vyura waliimba mpaka wakapwelewa sauti. Kijijini kwetu Wema, nyumba zilibaki mapaa tu, na kuku walijifunza tabia za bata. Barabara ya kupanda Hola mpaka Madogo ilikatika vipandevipande, kila kipande kikawa kisiwa chenye punda wake mmoja aliyekwama.

Na mke wangu alikuwa Madogo.

Alikuwa amekwenda kwa mama yake kujifungua, maana kwao mimba ya kwanza haizaliwi ugenini. Mtoto wa kwanza hupokewa na mikono ya bibi yake. Nilimpandisha lori mwenyewe kabla mvua haijachachamaa. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa, akavishika mkononi. Nikamwambia, "Mwezi ukiandama niko huko." Akaniangalia akasema, "Njoo kabla. Usiniache nizae wewe uko Garsen unapiga domo." Nikacheka. Lori likaondoka, na nyuma yake ikaja mvua, ikafunga mlango.

Mama yake alikuwa mjane mwenye kibanda cha chai pale madereva wa malori wanapopumzika kabla ya kuvuka kwenda Garissa. Mwanamke mwenye heshima zake. Nami kwa desturi yetu mama mkwe simtazami machoni, simpiti karibu njiani, wala simwambii neno moja kwa moja. Nikiwa na jambo, natafuta mtu wa kati. Tangu nioe nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake akisema nami. Nilizoea kumsikia akisema na ukuta, na ukuta ukiniambia.

Sasa, njia pekee ya kujua kama mke wangu yu hai ilikuwa redio ya upepo, ile ya kuitana mji kwa mji. Ilikuwa dukani kwa mfanyabiashara mmoja mzaliwa wa Kipini, mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia safi hata katikati ya matope. Aliifunga redio ile kwa ajili ya malori yake, lakini malori yalipokwama ikawa ya umma. Duka lake lilijengwa juu ya msingi mrefu, maji yalifika kizingitini yakaona haya. Ndani, juu ya magunia ya unga, palikaa kile kisanduku, kimeunganishwa na betri ya lori. Kila mji ulikuwa na wakati wake. Hola saa tatu asubuhi. Madogo saa nne. Baada ya hapo anazima ili betri isife, na ukimbembeleza anakujibu kwa ile lugha yao ya Kipini, "Wataka niipe betri damu yangu?"

Hola ilisikika safi, kama mtu yuko nyuma ya pazia. Lakini tangu maji yapande, Madogo haikusikika tena. Saa nne ikifika kilitoka kitu kingine kabisa. Sauti. Sauti ya bata aliyemeza filimbi. *Kwa-kwa-kwaa. Kwi-kwa.* Kimya. *Kwa-kwa? Kwii-kwa-kwa.* Kimya tena. Si Kiswahili, si Kipokomo, si Kiorma, si Kisomali, si Kizungu cha redioni. Tulitazamana.

Mwenye duka ndiye aliyetoa hukumu. "Madogo imezama," akasema. "Na wakati wake umetwaliwa na wenyewe."

"Wenyewe kina nani?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye mabati. "Wanaanga."

Hapa lazima nieleze kwamba mimi na mwenye duka tulikuwa wanafunzi wa darasa moja. Darasa la ngumbaru, jioni, kwenye shule ya msingi, chini ya karabai iliyokuwa na wadudu kuliko mwanga. Tulikalia madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Mwalimu wetu alikuwa kijana mwembamba wa Minjila aliyetufundisha yote, hesabu, afya ya mifugo, mpaka mambo ya sayari. Siku chache kabla ya mafuriko alitufundisha jinsi wanaanga wanavyozungumza.

"Huko juu hakuna hewa," alisema. "Na sauti hupanda hewa kama nyinyi mnavyopanda mtumbwi. Pasipo mtumbwi, huvuki. Wanaanga wawili wakiwa nje ya chombo chao, wakisimama bega kwa bega, mmoja akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo isimame, mwenzake ataona mdomo tu ukichezacheza ndani ya kofia."

Nikanyoosha mkono. "Na wakigombana, mwalimu?"

"Wanagombana kwa redio."

"Redio kama ile ya dukani?" akauliza mwenye duka, akijivuna kidogo, maana redio ilikuwa yake.

Mwalimu akafungua mdomo ajibu. Karabai ikazimika. Ilikuwa Ijumaa, tukacheka, tukapapasa vitabu gizani, mwalimu akasema atamalizia Jumatatu, akaenda kwao Minjila. Jumatatu Minjila ilikuwa ng'ambo ya bahari. Tukabaki na nusu ya somo, na nusu ya somo ni kama nusu ya daraja: unatembea vizuri kabisa mpaka pale unapoanguka.

Basi, tukaanza kuwanyamazia wanaanga. Na msituone wajinga, ilikuwa adabu. Kwetu mtu akisema, humkati. Mgeni akisema, humkati zaidi. Sasa mgeni aliyekuja kutoka juu ya mawingu, tena kwa redio ya jirani yako, utamkataje? Kwanza ilikuwa kunyamaza tu. Kisha mmoja akasema ukiwakatiza wanapotea. Mwingine akasema wakipotea wanaanguka. Kufikia Alhamisi Minjila ilikuwa imeshachaguliwa, na watu wenye jamaa huko walikuwa wakituomba kwa machozi tusikohoe.

Kila asubuhi nilifika dukani nikiwa na maji mpaka kiunoni. Na kila asubuhi nilimkuta mbele yangu mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, mrefu kama nguzo ya simu, fimbo begani. Ng'ombe wake walikuwa wamekimbiziwa huko juu Hola na ndugu yake, naye alitaka habari zao. Haki yake. Lakini mzee yule, jamani! Alikuwa mtu wa kusalimu. Wafugaji hawaanzi habari kabla ya salamu kwisha, na salamu haziishi kabla ya kupita kila kilicho hai.

"Ndugu yangu, amani?" anasema, kisha lile neno la redioni la kumpisha mwenzako aseme, "Ova."

"Amani. Ova."

"Nyumba amani? Ova."

"Nyumba amani. Ova."

"Watoto amani? Ova."

"Mzee," nasema mimi nyuma yake, "betri."

Ananigeukia polepole. "Kijana, mimi nasalimia watu, sisalimii betri." Kisha anarudi. "Mvua amani? Ova."

"Mzee, mvua ndiyo iliyotufikisha hapa! Itakuwaje amani?"

"Mvua haina kosa. Mvua inafanya kazi yake. Wewe ndiyo una haraka. Mto amani? Ova."

Ng'ombe walisalimiwa kwa rangi zao. Ndama. Ngamia wa jirani. Nilihisi mvi zikichipua moja baada ya nyingine. Mpaka afike kwenye swali lenyewe, saa nne imegonga, mwenye duka anainua mkono, na bata anaanza.

"Nyamazani nyie! Wanena!"

Kimya. Duka zima, watu wamesimama na ndoo, na kuku, na watoto mgongoni, wanakitazama kile kisanduku kama msikitini. *Kwa-kwa-kwaa.* Mwenye duka, kwa heshima, alikuwa akibonyeza kile kidude cha kusemea mara moja, anasema polepole kama mtu anayempisha mkubwa njiani, "Wanaanga, endeleeni. Garsen hatuwaingilii. Ova." Anaachia. *Kwi-kwa-kwa! Kwaaa!*

"Wamefurahi," anatunong'oneza.

Siku moja nikamvuta pembeni. "Ndugu yangu. Mke wangu miguu ilikuwa imevimba. Dada yake mkubwa alifia kwenye uzazi. Niruhusu niite Madogo mara moja tu, neno moja."

Akanishika bega. Alikuwa mtu mwema, ndiyo iliyoniudhi zaidi. "Mwanangu, Madogo haipo hewani. Ukiita hapo, utamwita nani? Utawakata wale wawili, waanguke, na mkeo usimpate. Kuna faida gani?"

Nikarudi kukaa juu ya gunia. Nilikuwa na hasira na mto, na mvua, na bata, na watu wawili wasio na kazi ya kufanya ila kuelea juu ya mawingu wakipiga gumzo la saa nzima wakati mke wangu anazaa. Niliwaza, hawa serikali yao imewapeleka mbali hivyo, haikuwapa shughuli? Wana nini cha kuambiana kila siku? Hakuna soko huko. Hakuna mazishi. Hata mvua hakuna ya kulalamikia!

Mzee wa Kiorma ndiye peke yake aliyekuwa na shaka, na shaka yake ilikuwa ya ajabu. Alikuwa amesimama sikio limeelekea redioni, fimbo begani, amefumba macho.

"Huyu anasalimia," akasema.

"Nini?"

"Huyu wa juu. Sikiliza. Anauliza, ananyamaza. Anauliza, ananyamaza. Hii ni salamu. Na hakuna mtu anaitika."

Watu wakamwangalia. "Mzee, ni wanaanga. Mwenzake anaitika kwa redio yake, sisi hatumsikii."

"Mimi nimesalimia watu tangu sijaota meno," akasema. "Salamu isiyoitikwa naijua. Inapanda. Sikiliza inavyopanda. Huyu ameanza kukasirika."

Duka zima likacheka. Na mimi nilicheka, kicheko cha mtu ambaye hajalala. Nikamwambia, "Basi mwitikie, mzee, umuulize na ng'ombe wa huko." Akanitazama kwa huruma, akasema si zamu yake, ya kwake ni Hola.

Maji yalianza kushuka wiki ile. Asubuhi moja, saa nne imefika, bata yuko kazini, sisi tumekauka kimya, mlangoni akatokea mtu, suruali imekunjwa mapajani, viatu vimefungwa shingoni kwa kamba zake. Mwalimu. Alikuja na mtumbwi kutoka Minjila, mzima, hajaangukiwa na mtu.

Akatutazama tulivyosimama. Akavua kofia yake. Kwa sauti ya chini akauliza, "Nani amefariki?"

"Shh!" tukamwambia wote.

"Ni wanaanga, mwalimu," nikamnong'oneza. "Wanazungumza."

"Wanaanga gani?"

"Wale wa somo."

Akatazama redio. Akatutazama sisi. "Nani aliyewaambia hao ni wanaanga?"

Vidole vyote dukani, na vingine vilikuwa vya watu ambao hawajawahi kuingia darasani, vikamnyooshea yeye.

Sijawahi kuona mtu msomi akikosa maneno namna ile. Mdomo ulicheza, sauti haikutoka. Nikakumbuka somo lake lote. Mwisho akasema, "Mimi nilisema wanazungumza kwa redio. Sikusema kwa redio hii!"

"Ulikuwa wajibu hilo swali langu, karabai ikazima," mwenye duka akajitetea. "Ningejuaje?"

*Kwa-kwa? Kwaa-kwa-kwa?* ikaendelea redio.

"Anauliza tena," mzee wa Kiorma akasema. "Wiki nzima. Aibu kubwa kwa mji huu."

Mwalimu akasogea, akainama kwenye kisanduku. Palikuwa na kitufe kidogo cha kuzungusha pembeni ambacho mwenye duka hakukigusa hata siku moja, maana alipouziwa aliambiwa asikiguse. Mwalimu akakigusa. Akakizungusha kidogo, kama mtu anayemgeuza mtoto usingizini. Bata akawa mzee. Mzee akawa mwanamke aliyebanwa pua. Kisha pua ikaachiwa.

"...Garsen, Garsen, mko wazima? Nyumba wazima? Ova."

Ndoo ya mtu ilianguka. Sauti ile niliifahamu. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi ikizungumza na ukuta.

"Garsen! Nyinyi ni watu wa namna gani? Mtu anawasalimu kila kukicha, hamwitiki! Nawasikia kabisa huko, naambiwa 'wanaanga endeleeni'. Nani mwanaanga? Mimi ni mwanamke wa kuuza chai! Ova!"

Nikaruka kuchukua kidude cha kusemea. Nikakishika. Na hapo mkono wangu ukaganda, kwa sababu nilikumbuka ni nani niliye naye. Mama mkwe. Nitamwambiaje neno moja kwa moja, tena mbele ya mji mzima, tena baada ya kumwita mwanaanga wiki nzima? Nikageuka kutafuta mtu wa kati. Aliyekuwa karibu, mwenye umri wa kutosha, mwenye ulimi wa heshima, alikuwa mmoja tu.

Nikampa mzee wa Kiorma.

"Mzee, nakuomba. Muulize mke wangu. Hilo tu. Hilo tu, mzee wangu."

Akakipokea kwa mikono miwili. Akasafisha koo. Nikajua nimekwisha.

"Mama, amani? Ova."

"Ah! Alhamdulillahi, nimepata mtu! Amani, baba. Ova."

"Nyumba amani? Ova."

"Nyumba amani. Maji yalifika mlangoni yakarudi. Kwako amani? Ova."

"Mzee..." nikasema.

"Watoto amani? Ova."

"Watoto wote amani. Ova."

Wote? Amesema wote? Wote gani? Nilimshika mzee kanzu. Aliniondoa mkono taratibu kama anayeondoa nzi, akauliza mvua, akauliza mto, akauliza ng'ombe, na yule mwanamke ambaye hana hata mbuzi akamjibu habari za ng'ombe wa Madogo nzima, kwa furaha, kwa kirefu, maana wiki nzima alikuwa na njaa ya kuitikiwa. Mwenye duka alikuwa akitazama betri. Mwalimu alikuwa ameketi juu ya gunia amejishika kichwa. Mimi nilikuwa nalia, na naandika hivyo bila aibu. Nilikuwa nalia kwa hasira na kwa hofu pamoja, na kamasi zilikuwa kama Tana.

"Sasa, mama," mzee akasema mwishowe, na sauti yake ikawa ya polepole zaidi. "Kuna kijana hapa. Hana adabu, lakini ana mke. Anauliza mke wake. Ova."

Redio ikakoroma kidogo. Kisha ikaja ile sauti, imetulia.

"Mwambie mkwe wangu kwamba nilitaka kumwambia tangu Ijumaa ile nyingine. Amejifungua mtoto wa kike. Alipata shida, damu zilikuwa nyingi, mkunga alikesha naye. Sasa yuko mzima, anakula uji, na mtoto ananyonya. Mwambie mke wake ameuliza kila siku baba wa mtoto anasema nini, na mimi kila siku nikirudi nyumbani namwambia, amenyamaza. Ova."

Mzee aligeuka kunitazama, akaninyooshea kidude. Na mimi nikakichukua, nikabonyeza, desturi nikaiomba radhi, nikasema mwenyewe, "Mama, mwambie sikunyamaza. Mwambie nakuja hata kwa kuogelea. Ova."

"Vaa shati kavu ukifika," mama mkwe akasema. "Ova."

Betri ikafa hapo hapo, na mwenye duka hakulalamika.

Baadaye, watu walipotawanyika na mzee wa Kiorma ameondoka akiwa ameridhika kupita sote, nilimkuta mwalimu kizingitini akifunga viatu. Nilikuwa na furaha ya kupasuka, lakini swali moja bado halijaniacha. Nikamuuliza, "Mwalimu, kwa hiyo wale wanaanga wenyewe, wao walikuwa wanasikika wapi?"

Hakucheka. Nadhani alikuwa amechoka. "Hapa hawajasikika hata siku moja," akasema. "Wana redio zao ndani ya kofia, na masafa yao, na sauti zao haziji kwenye kisanduku cha duka. Redio ya Madogo ilikuwa imehama kidogo kwenye masafa; wao walizungusha kitufe chao wakatusikia safi, lakini mtu akisema kule, hapa inafika kama bata. Uliyekuwa ukimnyamazia kila saa nne alikuwa mama mkwe wako."